Maghorofa ya familia nyingi kwenye viwanja vya nyumba moja hapa Mwanza: kinachozuia hasa ni nini?

MdauWaIlemela

Mwangaluka wakuu.

Hoja hii inarudi kila mara kwenye mazungumzo ya mitaani na mara nyingi inaishia kwenye kelele bila hesabu hata moja. Viwanja vya ujazo wa chini na wa kati (vikubwa, nyumba chache kwa eneo) vya Isamilo, Capri Point, Bwiru, Kiseke na Buswelu vingi vina nyumba moja yenye uwanja mpana. Kuna wanaotaka ukomo wa familia moja kwa kiwanja uondolewe, mwenye kiwanja awe huru kujenga apatimenti za familia nane au kumi. Wengine wanasema mkifungua mlango huo mtahamishia huku msongamano wa Mabatini na Igogo, tofauti ikiwa vigae tu.

Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1 ukijumlisha Nyamagana na Ilemela. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025 na reli ya SGR kutoka Isaka inakuja. Watu wataongezeka, na wasipopata nafasi karibu na mjini watazidi kusogea Buhongwa, Kishiri na Kayenze, kila siku nauli za kwenda na kurudi.

Naomba wanaofanya kazi hizi watusaidie. Ukomo huu kisheria umekaa wapi: kwenye hati, kwenye mpango wa jiji, au kwenye kibali cha ujenzi? Kiwanja cha mita za mraba 800 kwenye mtaa usio na bomba la majitaka kinaweza kubeba familia ngapi kwa haki? Na mlimani inakuwaje? Kuna watu wanatoa mifano ya Minneapolis (Marekani) na Auckland (New Zealand). Mwenye kuijua atuambie kama inatufaa.

---

Ramani_na_Bikoni

Mkuu Mdau, nianze na swali la sheria kwa sababu ndilo linalowapotezea watu hela nyingi.

Ukomo umekaa sehemu tatu, moja juu ya nyingine. Ya juu kabisa ni Mpango Kabambe wa 2015 hadi 2035, unaozihusu Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Chini yake kuna mchoro wa mipangomiji wa eneo lako, unaoonyesha kitalu, namba ya kiwanja na matumizi yake. Ya tatu ni masharti yaliyochapwa kwenye hati yenyewe, yanayotaja kundi la matumizi na daraja ndani ya kundi hilo. Kibali cha ujenzi hakikupi haki mpya yoyote. Afisa anachukua ramani ya jengo lako na kuipima dhidi ya hivyo vitatu.

Kwa hiyo utaratibu salama unaanza mapema, kabla hujamwita mbunifu. Fanya upekuzi wa hati kwanza, soma masharti neno kwa neno. Nenda kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri yako, omba kuona mchoro uliopitishwa wa kitalu chako, si ule wa dalali. Mpima athibitishe bikoni (alama za mipaka) zote zipo na ziko mahali pake. Kwenye mitaa ya zamani bikoni huwa zimefukiwa na uzio wa jirani umeingia mita nzima. Masharti yakisema nyumba ya kuishi ya familia moja, unaomba mabadiliko ya matumizi kabla ya kuchora chochote cha kulipia. Maombi yanaingia halmashauri, yanatangazwa ili mwenye pingamizi aseme, yanajadiliwa kwenye kamati inayoshughulikia mipangomiji, kisha yanapanda ngazi ya wizara. Yakipita, masharti ya hati yanarekebishwa. Hapo ndipo mbunifu majengo aliyesajiliwa na mhandisi aliyesajiliwa wanaanza kazi, na ramani zao zinakwenda kuombewa kibali.

Watu wengi wanaanza mwisho. Wanalipia ramani ya apatimenti kumi, wanafika dirishani na hati inayosema nyumba moja, wanaambiwa warudi. Akitokea wa kumwonyesha njia ya mkato, jengo linapanda bila kibali halali, na alama ya X ya kubomolewa inakuja zege likishakauka.

Ukiwa upande wa Ilemela, Pasiansi, Bwiru na maeneo yanayoelekea uwanja wa ndege, ongeza kibali cha urefu wa jengo kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukiwa ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hiyo hata ukomo wa familia ukiondolewa kesho haiguswi, na isiguswe. Maji ya ziwa yalipopanda 2020 na tena 2024, kila mtu aliona mita hizo zimewekwa kwa sababu gani.

Sasa hesabu ya kiwanja chako cha mita za mraba 800. Tuseme halmashauri inakuruhusu kufunika asilimia 40: jengo linakaa kwenye mita 320. Sakafu tatu zinakupa 960. Toa asilimia 20 ya ngazi, korido na kuta, unabaki na 768. Apatimenti ya vyumba viwili yenye mita 75 inakupa kumi. Kwenye karatasi inapendeza.

Weka sasa sharti la maegesho. Gari moja linakaa kwenye mita 2.5 kwa 5, lakini ukihesabu na njia ya kugeuzia ni kama mita za mraba 25. Apatimenti kumi zikidaiwa nafasi moja moja ni mita 250, karibu theluthi ya kiwanja. Nje ya jengo ulikuwa na 480. Umebaki na 230 kwa septiki, mashimo ya kunyonyea, matangi, miti na watoto kucheza. Wakati wapangaji wengi watapanda daladala na bodaboda.

Hapo ndipo mfano wa Minneapolis una maana kwetu. Mwaka 2018 baraza la jiji lile lilipitisha mpango ulioondoa ukomo wa nyumba ya familia moja, kila kiwanja cha makazi kikaruhusiwa hadi familia tatu. Magazeti yalishika hilo. Lakini nyumba hizo za familia tatu zilizojengwa ni chache. Nyumba nyingi mpya zilitoka kwenye majengo makubwa kando ya barabara za mabasi, na kufuta sharti la idadi ya maegesho kulisaidia sana. Auckland nao, kwa mpango wao wa 2016, waliruhusu ujenzi wa msongamano zaidi kwenye karibu robo tatu ya ardhi ya makazi ya jiji, na ujenzi uliongezeka kweli, hasa wa nyumba zilizoungana kuta. Lakini miji yote miwili ilikuwa na jambo ambalo sisi hatuna kwenye mitaa mingi: bomba la majitaka linalopita karibu na kiwanja.

Msimamo wangu: ukomo wa kuhesabu familia uondolewe, na kiwanja kipimwe kwa huduma kinazozipata, upana wa barabara na mwinuko wa ardhi. Daraja la ujazo lililoandikwa miaka thelathini iliyopita halijui kama mtaa una bomba.

---

Chemba_na_Bomba

Ramani kaniachia mita 230, basi niendelee na kiwanja hicho hicho.

Apatimenti kumi, tuweke watu wanne kila moja: watu 40. Nyumba yenye choo cha kuvuta na bafu la ndani inatumia kama lita 100 kwa mtu kwa siku. Hizo ni lita 4,000. Asilimia 80 inarudi kama majitaka: lita 3,200 kila siku ya Mungu, mvua isinyeshe, mtu asisafiri. Nyumba moja ya watu sita kwenye kiwanja hicho hicho ingetoa 480.

Septiki yenyewe si shida. Unahitaji nafasi ya maji ya siku nzima, mita za ujazo 3.2, na nafasi ya tope. Tope ni kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukitaka kunyonya kila baada ya miaka mitatu, ni mita za ujazo 4.8. Jumla 8. Tangi la mita 3 kwa 2 lenye kina cha maji cha mita 1.5 linatosha na linabakiza kidogo. Ligawe vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili, na usisahau mfuniko juu ya kila chumba. Mafundi wengi wanaweka mfuniko mmoja, gari likija linanyonya upande mmoja tu.

Shida ni maji yanayotoka septiki. Yanatakiwa yaingie ardhini, na ardhi ina kasi yake. Udongo wa tifutifu wenye mchanga unanyonya kama lita 25 kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo kwa siku. Wa mfinyanzi ni 10 au chini ya hapo. Shimo la kunyonyea lenye kipenyo cha mita 2 na kina cha mita 3 lina ukuta wa mita za mraba karibu 19, kwa hiyo kwenye udongo mzuri linapokea lita 470. Gawanya 3,200: unahitaji mashimo saba. Kila shimo liwe na mita tatu kati yake na jingine, yaani eneo la mita 25 kwa shimo, jumla 175. Ongeza septiki, ongeza umbali wa kuacha kutoka kwenye msingi na mpaka wa jirani, na kumbuka gari haliruhusiwi kupita juu yake. Hiyo 230 imekwisha. Kwenye mfinyanzi unahitaji mashimo kumi na saba, na hayo hayaingii hata ukifuta maegesho yote.

Kwenye kilima, sahau kabisa hesabu hiyo. Isamilo, Bugando, Capri Point, unachimba mita moja unakuta jiwe. Maji yanateleza juu ya jiwe na kutokea kwa jirani wa chini, kwenye ukuta wake wa nyuma au kwenye ngazi za mtaa. Mwenye jengo anadhani shimo lake linanyonya vizuri kwa sababu halijai.

Shimo likigoma, hesabu ya gari ni hii: lita 3,200 kwa siku ni mita za ujazo 96 kwa mwezi. Gari la kunyonya la mita 10 lazima lije mara kumi kila mwezi. Hakuna kodi ya pango inayobeba gharama hiyo, kwa hiyo kinachofuata kinajulikana: mvua ikinyesha usiku watu wanatapisha mashimo, na maji yanashuka Mto Mirongo hadi ziwani, ziwa lile lile tunalovuta maji Capri Point na Butimba.

Kabla mtu hajaomba kuongeza familia kwenye kiwanja kisicho na bomba, adaiwe kipimo cha unyonyaji. Hakihitaji maabara. Chimba shimo dogo la sentimita 30 kwa 30 kwenye kina ambacho shimo lako litafika. Lijaze maji jioni, liache lishibe usiku kucha. Asubuhi lijaze tena hadi sentimita 30, pima yameshuka kiasi gani kila nusu saa, rudia mpaka kasi iwe haibadiliki. Fanya Mei, mwisho wa masika, ardhi ikiwa imeshiba. Ukipima Agosti utapata jibu zuri la uongo.

Ukipata bomba, mambo yanageuka kabisa. Lita 3,200 kwa siku, hata ukizidisha mara nne kwa saa za asubuhi wote wanapooga, ni lita 0.15 kwa sekunde. Bomba la milimita 110 lenye mteremko wa 1 kwa 60 linapitisha zaidi ya lita 4 kwa sekunde likiwa limejaa nusu tu. Maana yake apatimenti hizi kumi ni kitu kidogo sana kwa bomba. MWAUWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Mwanza, walishaonyesha kwenye Igogo, Mabatini na Kilimahewa kwamba mfumo rahisi unawezekana mlimani: mabomba membamba ya plastiki yanayopita vichochoroni na nyuma ya nyumba, kina kifupi, chemba ndogo kila kona. Mwinuko unaowatesa wajenzi unakusaidia wewe, maji yanashuka yenyewe bila pampu.

Kinachoua mifumo hii ni vitu viwili. Cha kwanza ni mafuta ya jikoni na mchanga wa kusugulia sufuria. Kila jiko liwe na mtego wa mafuta wenye mfuniko unaofunguka, na mtu aliyepangiwa kuusafisha kila wiki. Cha pili ni maji ya bati. Paa la mita za mraba 320, mvua ya milimita 50 kwa saa, ambayo Mwanza inanyesha: mita za ujazo 16 kwa saa, lita 4.4 kwa sekunde. Angalia namba hiyo na ya bomba hapo juu. Mtu mmoja akiunganisha mfereji wa paa lake kwenye chemba ya majitaka, amelijaza bomba karibu nusu peke yake, na nyumba ya chini kabisa mlimani inafurika kupitia choo. Mkaguzi akija, jambo la kwanza aangalie ni bomba za mvua zinaishia wapi.

Upande wa majisafi sina hofu kubwa. Chanzo cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku kimeongezea kile cha Capri Point cha lita milioni 90. Lakini msukumo haupandi ghorofa bure. Kila mita 10 za kwenda juu zinakula bari 1 ya msukumo, na mtaa wa juu kilimani unapokea maji ya mgao. Jengo la watu 40 liwe na tangi la chini la lita 8,000, siku mbili za matumizi, pampu, na tangi la juu la lita 2,000 au 3,000. Mhandisi aambiwe mapema tangi la juu litakaa wapi, maana lita 1,000 ni tani moja.

---

Jabali_la_Igogo

Chemba kamaliza chini ya ardhi, nami niseme juu yake, hasa kwa wale wanaotaka kupandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo. Ukomo ukiondolewa, hao ndio watakuwa wengi, kwa sababu hawana hela ya kubomoa.

Nyumba ya kawaida ya tofali za inchi 6 juu ya msingi wa mawe haikujengwa kubeba sakafu ya zege. Kuta ndizo zinazobeba, nguzo hazipo, na zile nguzo nne za baraza ni mapambo. Ukitaka sakafu ya juu, njia ya halali ni fremu mpya: vitako vipya vya nguzo, nguzo, mikanda, na nyumba ya zamani ibaki kama kuta za kugawa tu. Mara nyingi ni nafuu kubomoa.

Zile nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya paa zikisubiri ghorofa nazo zitazamwe. Nondo ya mm 16 inatakiwa ipishane na ya juu kwa angalau mara 40 ya unene wake, sentimita 64. Zilizoachwa ni sentimita 30, zimekula kutu miaka, zimepinda. Zikwanguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae na zipimwe unene kwa kifaa. Zikiwa zimepungua, mhandisi ndiye aamue, fundi asiamue.

Mlimani, hatari yetu ya kipekee ni jabali. Mawe yanayoonekana Mwanza si yote mwamba uliotoka chini. Mengi ni majabali yaliyolala juu ya udongo. Fundi anaweka nguzo tatu juu ya jabali na tatu kwenye kifusi alichojaza kusawazisha kiwanja. Masika mawili yakipita kifusi kinashuka, jabali halishuki, na unaanza kuona ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha. Chimba shimo la majaribio kwenye kila nafasi ya nguzo, na jabali lizungukwe hadi ujue linaishia wapi. Nguzo zote zikae juu ya kitu cha aina moja, au jengo ligawanywe vipande viwili kwa nafasi ya kutenganisha.

Halafu ukuta wa kuzuia udongo. Wa mawe wenye kimo cha mita 3 unahitaji kitako cha mita 1.5, nusu ya kimo. Nyuma yake weka kokoto unene wa sentimita 30 kutoka chini hadi juu, na matundu ya bomba la milimita 75 kila mita moja na nusu. Kuta nyingi zinazoanguka zinasukumwa na maji yaliyokosa pa kutokea, udongo peke yake ungezuilika. Na kama kuna shimo la majitaka juu ya ukuta, umeshaelewa.

Kwenye zege, jengo la familia kumi lisichanganywe kwa ndoo za kukadiria. Chukua sampuli za vipande vya kupimwa siku ya 28 kwenye kila slabu, mwagilia siku saba bila kuruka, na mirunda chini ya mikanda isiguswe kabla ya mhandisi kusema. Halmashauri ikiondoa ukomo wa familia bila kuongeza wakaguzi wanaopanda hadi eneo la ujenzi siku ya nondo, kabla ya zege kumwagwa, itakuwa imefanya nusu ya kazi.

---

MamaWaNyasaka

Wanangu, nimesoma yote na nashukuru kwa namba. Ila mmezungumza bomba na nondo, mpangaji hamjamgusa. Kiwanja kikiruhusiwa ghorofa, bei yake inapanda siku hiyo hiyo, hata kabla ya tofali. Nyumba ya vyumba sita vya kupanga, korido katikati, choo cha nje, inavunjwa. Familia sita zinaondoka na hazirudi, kwa sababu apatimenti inadai kodi ya miezi sita au mwaka mbele. Mnamjengea nani? Na jirani aliyebaki na nyumba ya chini anatazamwa uani kwake kutoka madirisha ya ghorofa ya pili. Napinga mpaka hayo yajibiwe.

---

Hati_ya_Sehemu

Mama, shikamoo. Hoja ya bei ni ya kweli na isipitwe haraka. Mtaa mmoja ukiruhusiwa peke yake, wenye mitaji wote wanauvamia na bei inaruka. Ndiyo maana heri ruhusa ienee maeneo mengi kwa kiwango cha wastani, sakafu mbili au tatu, kuliko mtaa mmoja kupewa sakafu kumi. Viwanja vinavyofaa vikiwa maelfu, hakuna mwenye kiwanja anayeweza kudai bei ya upekee.

Pia vyumba sita vyenye choo cha pamoja navyo ni nyumba ya familia nyingi, na ndiyo inayowahifadhi wakazi wengi wa jiji hili. Kanuni mpya isiandikwe kwa ajili ya apatimenti za vigae peke yake. Iruhusu pia nyumba ndogo ya uani kwenye kiwanja cha nyumba kubwa, na nyumba mbili za kugusana ukuta. Kiwanja chenye nyumba kubwa mbele kikiongezewa vyumba vinne vya chini vyenye vyoo vyao, wanaingia watu 12 au 15, bila fremu ya zege na bila kumvunjia mtu. Kwenye udongo unaonyonya, watu 15 ni lita 1,200 kwa siku, mashimo matatu. Kwa mtaa usio na bomba ninaona hapo ndipo pa kuishia.

Kuhusu madirisha: kanuni inaweza kudai dirisha la ghorofani linalotazama mpaka wa pembeni liwe mbali mita tano, au kizingiti chake kianzie mita 1.7 kutoka sakafuni ili liingize hewa na mwanga bila mtu kuchungulia. Ni mstari mmoja kwenye ramani na mkaguzi anaupima kwa futikamba.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni umiliki. Tangu 2008 tuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo. Mwenye hati mama (hati ya kiwanja kizima) anajenga, mpima anachora mpango wa sehemu, kila apatimenti inapata hati yake, na ngazi, paa, pampu, septiki na uwanja vinabaki mali ya pamoja chini ya chama cha wamiliki. Njia hii inawawezesha ndugu wanne waliorithi kiwanja kimoja kujenga bila kugombana: kila mmoja ana sehemu yake anayoweza kuuza au kuweka rehani.

Inapoharibika ni baada ya mwaka wa pili. Chama kipo kwenye karatasi, mfuko wa matengenezo haupo. Pampu ikiungua, wa sakafu ya chini wana maji na hawaoni kwa nini wachangie. Andikeni kwenye kanuni za chama kabla ya kuuza sehemu ya kwanza: mchango wa kila mwezi kwa uwiano wa ukubwa wa sehemu, akaunti yenye saini tatu, orodha ya vitu unavyolipia, na hatua dhidi ya asiyelipa. Umeme wa pampu na taa za ngazi uwe na mita yake ya LUKU. Usiunganishwe kwenye mita ya mtu mmoja kwa ahadi za mdomo. Kodi ya jengo nayo: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa kila ghorofa, inakatwa kupitia LUKU. Mpangaji anaponunua umeme na kukatwa, anamlipia mwenye jengo. Mkataba useme itarudishwaje kwenye kodi ya pango.

---

MdauWaIlemela

Mama, marahabaa nimempa Hati kwa niaba yako. Wakuu, nimebakiwa na moja tu. Mitaa ya juu ina vichochoro ambavyo bajaji haipiti. Hata bomba likifika, moto ukiwaka ghorofa ya tatu itakuwaje? Upana gani wa njia uwe sharti?

---

Ramani_na_Bikoni

Gari la Zimamoto linahitaji njia yenye upana wa mita 4 zilizo wazi, bila nguzo ya umeme katikati wala ngazi ya duka iliyotokeza, na uimara wa kubeba tani zaidi ya kumi likiwa na maji. Liweze kufika ndani ya mita 45 hivi kutoka mlango wa jengo, maana mipira ina urefu wake na mlimani kila mita ya kupanda inakula msukumo.

Kiwanja kisichofikiwa hivyo kibaki na sakafu mbili, ngazi ya zege ya upana wa mita 1.2 inayotoka moja kwa moja nje, na madirisha ya ghorofani yasiwe yote yamezibwa kwa grili za kuchomelea. Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mitungi ya gesi ikae nje ya jengo.

Kupanua njia kunawezekana bila kubomoa mtaa mzima. Kwenye urasimishaji (kupima na kutoa hati kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango), wamiliki wa pande mbili wanakubaliana kuachia mita moja au moja na nusu kila mmoja, mpima anaweka bikoni mpya, na mchoro unapitishwa hivyo. Hapa ndipo ukomo wa familia unaweza kutumika kama chambo halali: kanuni iseme mwenye kuachia kipande cha njia anaruhusiwa sakafu moja zaidi. Anayeng'ang'ania ukuta wake abaki na sakafu mbili. Ila kipande kilichoachiwa kiondolewe kwenye hati na kuandikishwa kuwa njia ya umma kabla ya kibali kutoka, si baada ya jengo kuisha, kwa sababu uzio ukisharudi usiku mmoja, kuuondoa kunachukua miaka mahakamani.